Shule Uliyoiacha Njiani: Namna ya Kuitunza Hadi Siku ya Kurudi

Mtaani kuna watu wengi ambao shule haikuwashinda, ila maisha yaliwazidi nguvu. Baba alifariki, ada ikakatika. Mama aliugua, mtoto mkubwa ikabidi atafute kibarua. Binti alipata ujauzito akiwa kidato cha pili. Kijana alifeli, akasema atarudia mwaka unaofuata, na mwaka huo ukazaa mingine kumi. Leo mtu huyo ana kibanda cha M-Pesa, au pikipiki, au watoto watatu, na ukimgusia habari ya kidato cha nne atakujibu kwamba hajakata tamaa, atamaliza akipata nafasi.

Nafasi ya namna hiyo haiji. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kwa sasa kweli hawezi kurudi, na hataki miaka ya kungoja imfanye aanze upya kabisa. Tumechukua mfano wa Tanzania na mtihani wa kidato cha nne kwa watahiniwa wa kujitegemea, yaani wanaoufanya bila kuwa wanafunzi wa shule. Mwenye ndoto nyingine atabadilisha ofisi na tarehe, kazi yenyewe ni ileile.

Jua mlango wako na mwezi unaofunguliwa

Ndoto nyingi hufa kwa sababu mwenyewe hajui hatua inayofuata ni ipi. Anajua anataka "kusoma", basi. Chukua karatasi moja uandike mambo manne: unapungukiwa na nini, nani anakitoa, usajili ni lini, gharama ni shilingi ngapi. Ukishindwa kujaza hata moja, kazi yako ya mwezi huu ni kulitafuta hilo, hata kama kurudi kwenyewe ni baada ya miaka mitatu.

Aliyeishia darasa la saba, au aliyeacha kabla ya mtihani wa kidato cha pili, huanza na Mtihani wa Maarifa, ambao wengi tunauita QT, na kuufaulu ndiko kunakomfungulia mtihani wa kidato cha nne. Aliyefaulu kidato cha pili kwa kawaida anakwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa kidato cha nne. Aliyeufanya akapata matokeo yasiyomfikisha anakotaka anaweza kurisiti, yaani kuurudia mtihani, tena kwa masomo anayoyahitaji tu.

Usajili wa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kwa kawaida huanza Januari na kufungwa mwisho wa Februari. Machi unasajiliwa kwa faini. Ada imekuwa Sh 50,000 kwa kidato cha nne na Sh 30,000 kwa QT, lakini soma tangazo la mwaka wako kabla ya kupeleka fedha, na kumbuka kituo unachofanyia mtihani nacho kina gharama zake. Mitihani hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari. Maana yake aliyeishia darasa la saba anahitaji Novemba mbili: ya kwanza ya QT, ya pili ya kidato cha nne. Anayelijua hilo mapema haumii moyo katikati ya safari.

Kisha panga kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Cheti unakitakia nini? Kozi nyingi za astashahada zinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yaani D nne. Kozi za afya zinadai Kemia na Baiolojia, na hapo huna ujanja. Anayelenga kidato cha tano na cha sita anatafuta C tatu. Na D inaanzia alama 30, C inaanzia 45. Tunalisisitiza hili kwa sababu watu wazima wengi wanaiogopa Hesabu kama vile wanatakiwa kupata 80, kumbe kwa lengo lao 35 inatosha kabisa. Ukitaka kupangiwa daraja, fanya masomo yasiyopungua saba.

Wengine watagundua kwamba mlango wao siyo huu. Fundi magari au mwashi aliyejifunza kazi gereji au saiti anaweza kupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa ujuzi alionao, akapewa cheti bila kukaa darasani kuanzia mwanzo. Anayelenga shahada aulizie pia programu ya msingi, ya kumwandaa mtu kwa shahada, ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia. Na binti aliyeacha shule kwa ujauzito asikae na taarifa za zamani: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu kurudi katika shule za kawaida, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa ya njia mbadala mikoani. Aende akaulize mwenyewe, na mtoto mgongoni kama hana wa kumwachia. Asimtume mtu.

Karatasi zitunzwe kabla ya vitabu

Kila anayeahirisha masomo huwa anahama: kutoka kwa mjomba kwenda kwa shangazi, kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Karatasi hupotea kwenye kuhama, na wengi hukwama hapo kuliko kwenye mtihani wenyewe.

Unazohitaji ni cheti cha kuzaliwa, cheti cha kuhitimu shule, na matokeo au cheti cha mtihani wa mwisho uliofanya. Hata kama cheti kimebaki shuleni, namba yako ya mtihani usiipoteze. Ya mwanafunzi wa sekondari imeandikwa kwa mpangilio wa herufi S na namba ya shule, kisha namba yako, kisha mwaka. Iandike nyuma ya mlango wa kabati, iandike kwenye simu, mpe na mama yako. Weka karatasi zote kwenye bahasha ya plastiki, zipige picha, picha zitume kwa barua pepe yako mwenyewe. Simu huibiwa, barua pepe utaifungua popote, mradi nenosiri unalikumbuka.

Angalia majina sasa hivi, usingoje Januari. Ukiwa Asha Juma Salum kwenye cheti cha darasa la saba na Asha J. Mohamed kwenye kitambulisho cha NIDA, utasumbuliwa vyuoni. Tofauti ndogo huweza kuelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au mahakamani, lakini ofisi zina foleni na miezi miwili ya usajili huenda isitoshe. Cheti kikipotea, toa taarifa polisi siku hizohizo upate hati ya upotevu, ndipo uulize NECTA utaratibu wa kupata mbadala. Kadiri unavyokaa ndivyo maelezo yanavyokuwa magumu.

Masomo mawili tu, dakika thelathini

Kosa kubwa la anayejiandaa ni kununua vitabu vya masomo saba kwa siku moja. Baada ya wiki tatu vimefunikwa na nguo. Katika miaka ya kungoja shika Kiingereza na Hesabu peke yake. Historia na Uraia unaweza kuvisoma kwa miezi tisa ya mwaka wa mtihani ukafaulu. Kiingereza na Hesabu hazikubali haraka. Zaidi ya hapo, karibu masomo yote ya sekondari, ukiacha Kiswahili na mengine machache, yanaulizwa kwa Kiingereza, kwa hiyo aliyepoteza Kiingereza amepoteza na Jiografia aliyokuwa anaijua.

Kwa Kiingereza, tumia kitabu cha somo, kwa mfano Jiografia au Baiolojia ya kidato cha kwanza. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, ufunge kitabu, uandike sentensi tano za ulichokielewa, ufungue usahihishe. Kusikiliza video peke yake kunakupa raha ya kuelewa na hakukupi uwezo wa kuandika. Mtihani ni kuandika.

Kwa Hesabu, rudi nyuma kuliko unavyodhani unapaswa. Anayeshindwa logarithimu za kidato cha pili mara nyingi ameshindwa sehemu za darasa la sita. Fuata mpangilio huu: sehemu na desimali, namba hasi, aljebra rahisi, milinganyo, vipeo. Ukishatoka hapo, nenda kwenye mada zinazojitegemea kama takwimu, seti, uwezekano na matriki. Mtu mzima huzielewa hizo haraka kwa sababu hazimdai akumbuke kila kitu cha nyuma, na kwa anayetafuta D ndizo akiba yake.

Dakika thelathini, siku nne kwa wiki. Saa nne usiku, watoto wakishalala na mgongo unauma, siyo muda wa Hesabu. Utasoma mstari mmoja mara sita. Wanaofanikiwa wengi hutumia saa kumi na moja alfajiri, au muda wa katikati ya kazi: dereva wa bodaboda kijiweni kuanzia saa nne asubuhi abiria wakipungua, mlinzi wa zamu ya usiku akishafanya mzunguko wa kwanza, mama lishe baada ya kuosha vyombo vya mchana.

Nunua kaunta buku moja. Kila ukurasa upige mistari upate safu tatu: tarehe, nilichofanya, kilichonikwamisha. Usiandike malengo humo, andika yaliyotokea. Ukurasa wa wiki moja utaonekana hivi:

Jumanne: sehemu, maswali 4. Nimekosa mawili ya kugawanya.
Jumatano: Jiografia uk. 12, sentensi 5. Sijui wakati uliopita.
Alhamisi: kugawanya sehemu, maswali 3. Yote sawa.
Jumamosi: sikusoma. Mnada.

Ile Jumamosi ni muhimu kuliko zote. Siku usiyosoma iandike pamoja na sababu yake. Mwisho wa mwezi utaona mnada umekula Jumamosi nne, na utajua cha kufanya ni kuhamishia kipindi Ijumaa. Usipoandika, utajiita mvivu, na mtu akishajiita mvivu hawezi kurekebisha ratiba.

Ukikatika wiki mbili, usijaribu kulipa deni kwa kusoma saa mbili kila siku. Kesho yake utachoka, kesho kutwa utaacha. Fungua swali la mwisho ulilolipata sawa, lifanye tena, kisha endelea na dakika zako thelathini.

Fedha yenye jina lake

Sh 2,000 kwa wiki ni Sh 104,000 kwa mwaka. Inatosha ada ya mtihani, picha za pasipoti, nauli na sehemu ya gharama za kituo. Ugumu ni kwamba fedha isiyo na jina kila mtu ana jina la kuipa: msiba, sare ya mtoto, mdogo wako kakwama njiani.

Iweke mahali ambapo huifikii kwa dakika mbili. Laini ya simu ya pembeni isiyokaa kwenye simu yako inafaa. Kikoba kinafaa zaidi, kwa sababu vikoba vingi huvunjwa Desemba, wiki chache tu kabla ya usajili kufunguliwa. Tahadhari ni Januari yenyewe, mwezi wa madaftari na michango ya shule za watoto. Siku ya kuvunja kikoba toa fungu la mtihani kwanza, hapohapo, kabla hujafika nyumbani.

Tuisheni ilipiwe mwezi kwa mwezi. Anayekutaka ulipe mwaka mzima kwa punguzo anajua kwamba wengi huacha mwezi wa tatu.

Omba kitu kinachoweza kutolewa

Kumwambia mume au mke wako kwamba unataka kusoma ni kumpa habari nzito asiyojua aifanyie nini. Anaweza kusikia kwamba utamwacha, au kwamba fedha zitaisha. Omba kitu chenye mipaka: "Baba Neema, Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa tatu kasorobo usiku, naomba ukae na watoto." Hilo linajibika. Akikubali wiki mbili, ya tatu haihitaji kuombwa.

Dada wa kazi azungumze na mwajiri siku nyumba imetulia, siyo siku ya wageni: "Mama, mtoto akilala mchana naomba nusu saa nisome, kazi zangu zitakuwa zimeisha." Aanze na kazi zilizoisha kweli. Wapo watakaokataa, na hapo alfajiri ndiyo inabaki.

Usitangaze kwa ukoo mzima. Chagua mtu mmoja atakayekuuliza tarehe moja kila mwezi: umefika wapi? Asiwe mtu anayekukopa. Na kama jirani yako ana mtoto aliye kidato cha tatu, una mwalimu wa bure mwenye maarifa mabichi. Mwite mwalimu mbele ya wazazi wake, uone atakavyojitahidi. Usione haya kufundishwa na mtoto. Kimani Maruge wa Eldoret, Kenya, aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84, akavaa kaptura ya sare na kukaa dawati moja na watoto wa umri wa wajukuu zake. Serikali ya Kenya ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi mwaka uliotangulia, na mlango ulipofunguka yeye alikwenda.

Miaka ambayo hata hayo hayawezekani

Kuna mwaka wa mtoto mchanga. Kuna mwaka wa kuuguza mzazi kitandani, wa kugeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili na kulala ukiwa umekaa. Mtu aliye humo hapaswi kuambiwa aamke saa kumi na moja kupiga msuli. Mwili una kiwango chake.

Kwa miaka hiyo punguza hadi mambo matatu. Bahasha ya karatasi iwe salama. Akiba iendelee hata kwa Sh 500. Na kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa redioni, kaa na ile karatasi yako ya mambo manne uisome upya: mlango ni uleule, ada ni ileile, bado nakitaka? Jibu la mwisho lijibu kwa kweli. Kuna aliyetaka uuguzi akiwa na miaka 17, na akiwa na 33 anagundua anachotaka sasa ni kusoma hesabu za biashara yake. Kuibadilisha ndoto kwa kuichunguza ni haki yako. Kuibadilisha kwa sababu umechoka wiki hii ni jambo jingine, kwa hiyo uamuzi huo uufanye Januari tu, usiufanye usiku wa mgonjwa kuzidiwa.

Weka pia alama ya kutoka: "mtoto akianza kutembea", "baada ya arobaini ya mzee". Ipe tarehe, hata ya kukadiria. Bila tarehe, dharura ya miezi sita hugeuka kuwa maisha.

Mwaka wenyewe ukifika

Wiki ya kwanza ya Januari nenda kwenye kituo unachotaka kufanyia mtihani ukiwa na bahasha yako. Utapewa namba rejea ya kujisajilia, utajisajili mtandaoni na kulipia kwa namba ya malipo. Hakikisha mwenyewe majina, masomo na picha kabla ya kuwasilisha. Stationari humjazia kila mtu kwa haraka na kosa litabaki kuwa lako. Tunza risiti. Kama una masomo ya sayansi, uliza swali moja tu la lazima: maabara ipo, na mazoezi ya vitendo yanaanza mwezi gani? Kituo kisicho na jibu kiache.

Uliza pia mtihani wako utafuata muhtasari upi. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, na notisi za kaka yako za 2015 zinaweza kuwa na mada zilizoondolewa.

Februari hadi Juni ni kumaliza mada. Kuanzia Julai, mitihani ya miaka iliyopita, ukiifanya kwa saa tatu kamili, saa mezani, simu chumba kingine. Watu wazima wengi wanaoanguka walikuwa wanajua majibu, ila mkono haukuzoea kuandika kwa saa tatu na walibakiza maswali mawili hawajayagusa. Agosti omba likizo ya Novemba kwa mwajiri kwa maandishi, kwa sababu ratiba ya mtihani husambaa kwa wiki kadhaa na ruhusa ya siku mojamoja huzaa ugomvi. Mwenye biashara aanze Septemba kumzoesha mtu wa kumshikia.

Matokeo yakitoka Januari, siku hiyohiyo yaweke pembeni ya lengo lako, siyo pembeni ya matokeo ya jirani. Ukiwa na D tatu na chuo kinataka nne, umebakiza somo moja. Chagua lile lililokuwa karibu zaidi kupita, lisajili kabla Februari haijaisha, na kaunta buku iendelee kutoka ukurasa ulipoishia.